Miti Mitatu ya Shani

Harufu ya nafthalini hunifanya nimshuku mtu. Ikinipata popote, kwenye koti la harusini au kabati la wageni, naanza kuchungulia nani amekaa karibu na vitu vyangu. Msinicheke. Ina chanzo chake, nacho ni chumba kimoja cha Kihonda, nyuma ya marobota ya mitumba ya Mama Shani, yaliyonuka dawa hiyo ya nondo.

Mume wa Mama Shani alipunguzwa kazini miaka ile ya ruksa, viwanda vilipokuwa vikibadilisha wenyewe kama shati. Kiinua mgongo chake kikageuka mitumba, TV kuukuu na mashine ya gemu. Watoto wengine walipenda mpira na magari. Mimi na Shani, binti wa nyumba ile niliyekuwa naye darasa la tano, tulipenda mchezo wa kijiji. Ulipewa bonde, mlima, mto na watu wachache wenye vichwa vikubwa, na lolote ulilotenda lilibaki. Ukikata mti, kisiki kilikungoja kesho. Ukipita mahali pamoja mara nyingi, njia ilijichora. Ukimpiga mtu, siku nyingine alikuona kwa mbali akafunga mlango. Maandishi yake yalikuwa ya kigeni, kama vijiti vilivyomwagika, na hakuna aliyeweza kuyasoma. Tulisevu kwenye kadi moja ya kumbukumbu, kila mtu na kijiji chake.

Mimi nilikuwa mtu wa maendeleo. Nilitaka kila mwanakijiji akae ghorofani, na ghorofa zilikula mbao, kwa hiyo nikakata msitu wote wa mlimani. Wiki haikuisha, mto ukaanza kukonda. Mashamba yakawa na rangi ya mkeka mkuukuu.

Je, nilijishuku mwenyewe? Hata kidogo. Kwetu mambo hayakuharibika hivi hivi. Lazima pawe na mkono wa mtu. Na mkono uliokuwa karibu ni wa Shani, aliyefagia chumba kile kila asubuhi na kuijaribu mashine kabla ya wateja kufika.

Shani alikuwa Mnyamwezi, mimi Mluguru, yaani watani. Alinipokea mlangoni kila siku: "Mluguru, umeshuka? Huko mlimani leo ndizi zimeisha?" Nami nikimjibu, "Mnyamwezi, bado hujapata mzigo wa kubeba?" Mama yake alicheka mpaka nguo zikamponyoka mikononi. Lakini mto ulipokonda, hata utani ule nilianza kuusikiliza kama polisi.

Mjomba wangu alilima kabeji Mgeta, na shamba lake alilizindika kwa kago: jiwe kila pembe, na la tano katikati. Mwizi akiingia, alituambia, atazunguka humo humo mpaka mwenye shamba aje amsalimie. Basi nami nikakizindika kijiji changu cha kwenye TV. Niliweka mawe manne pembeni, la tano katikati, nikanong'ona maneno ambayo nusu yake niliyabuni. Kisha nikahesabu miti iliyobaki bondeni. Ilikuwa tisa. Nikasevu.

Kesho yake nilitoka shule moja kwa moja, begi mgongoni. Mawe yalikuwa palepale. Miti ilikuwa kumi na miwili.

Mitatu ilikuwa michanga, imepandwa kwa safu moja kule juu, mto unakoanzia. Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nilimtafuta mwizi. Mwizi anayeongeza mali ni wa kuogopwa kuliko anayeiba, na aliyevuka kago bila kuzunguka ana dawa kali kuliko ya mjomba.

"Umeingia kijijini kwangu," nilimwambia Shani mbele ya wateja wote.

"Kijiji gani, Mluguru? Kile cha visiki?"

Watoto wakaangua kicheko. Masikio yakaniwaka moto.

"Wewe ni mchawi," nikasema.

Sasa nielezeni kama hili ni kosa au si kosa. Neno lile tulikuwa tumeitana mara mia. Watani huitana wachawi hata msibani, na waliofiwa hupata nafuu. Lakini lina sharti moja: aliyelitamka acheke. Shani alikuwa ameshaanza kutabasamu. Alinitazama mdomoni, akingoja. Mama yake naye, shati la mtumba mkononi, aliniuliza taratibu, "Baba, si utani huo?"

Sikucheka. Nilichukua pedi ya gemu, nikapanda mlimani, nikaing'oa ile miti mmoja mmoja huku Shani anatazama. Nikasevu.

Siku iliyofuata alinipokea kwa jina langu. "Hujambo?" akaniuliza, kwa adabu, akaendelea kufagia. Mtani akikuamkia kwa jina lako, ujue amekuzika.

Mto ulikauka kabla ya Ijumaa. Wale watu wenye vichwa vikubwa waliondoka mmoja mmoja, kwa njia niliyoichora kwa miguu yangu mwenyewe, ghorofa zikabaki zimesimama tupu. Nilijiambia, mnaona? Uchawi huo. Mwaka haukuisha, baba yake akapata kibarua cha reli, wakahamia Kisaki. Aliniaga kwa adabu ileile.

Miaka kumi baadaye, chuoni, jirani yangu wa bweni alikuwa na mchezo ule ule, ila wake ulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Maelezo yalikuwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa: mto ukipungua, panda miti mitatu kwenye chanzo, usubiri. Shani hakuwa ameyasoma popote. Nadhani aliharibu kijiji chake kwanza, akatafuta dawa, akaipata, kisha akaja kunitibia changu kabla sijafika, bila kunitia aibu.

Nilicheka. Jirani akageuka kuniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza. Kilikuwa ndicho kile kicheko alichokingoja Shani siku ile nyuma ya mitumba, na Kisaki ilikuwa mbali mno kukisikia.