Baba, Nakuunganisha

Ofisini walimwita Asali, kwa sababu ya sauti yake. Mteja wa kampuni ya maji akipiga simu amepandwa na mori, akitukana mpaka mabomba yenyewe, Asali alimpoza kwa maneno mawili matatu hadi mtu akate simu akiomba radhi. Walifundishwa hivyo: mzee mwite baba, mwanamke mtu mzima mwite mama, kijana mwite ndugu yangu. Undugu wa bure, hautozwi kodi.

Walianza watatu kwenye chumba kile kisicho na dirisha. Mmoja vidonda vya tumbo vilimshinda akaacha kazi. Wa pili alianza kulia kila simu ikiita, akarudishwa kwao. Msimamizi hakuajiri mwingine. Punda afe, mzigo ufike. Asali akabaki na simu za watu watatu, na maji aliyokuwa akiyauza yakamfika yeye shingoni. Ikawa hasikilizi tena watu. Alinyakua neno moja tu, bili, mita, choo, akamrusha mteja kwenye kitengo kinachohusika. Hata nyumbani, mumewe akimsemesha, alijibu "nimekupata" huku anatazama ukuta. Alikwenda zahanati, na daktari, ambaye mwenyewe alikuwa akisinzia na kalamu mkononi, alimwambia apumzike.

Akaomba likizo. Haikuwa ya kulala tu: mama yake alikuwa na shinikizo la damu, alishaanguka mara moja, na aliishi na baba peke yake, mzee asiye na nguvu za kumnyanyua mtu. Msimamizi alisema avumilie mpaka waajiriwe wapya. Basi Asali akamwachia baba namba ya ofisi, maana simu za mkononi za wafanyakazi zilifungiwa kabatini wakishaingia. Mama akizidiwa piga hapo, alimwambia, nitapokea mwenyewe.

Mzee akapiga asubuhi moja ambayo maji yalikuwa yamekatika mji mzima na simu hazikupumua.

"Mwanangu, ni mimi baba yako. Mama kaanguka chooni, njoo."

Kila mzee aliyepiga pale alimwita mwanangu. Kila mmoja alikuwa baba yake, na wote hutangulia kusimulia mikasa ya nyumbani kabla ya kufika kwenye maji. Asali alisikia choo.

"Pole sana, baba yangu. Nakuunganisha na kitengo cha mabomba. Subiri kidogo."

Muziki ukalia. Mzee akasubiri, akidhani binti yake anatafuta gari. Alikaa sakafuni, simu sikioni, mkono wa pili umeshika wa mkewe, mpaka laini ikakatika yenyewe. Ndipo alipoita majirani. Walipofika, mama alikuwa ameshakata roho.

Asali alikuja kujua msibani kwamba mzee yule wa choo alikuwa baba yake. Baba hakumlaumu, na laiti angemlaumu.

"Uliniambia nisubiri, mwanangu," alisema. "Nikasubiri."



Alirudi kazini kwa sababu tumbo halijui matanga. Akakuta hatimaye wapya wameajiriwa, wamekaa kwa adabu, na msimamizi anawafundisha kwa simu zilizorekodiwa siku ile maji yalipokatika. Maneno ya wateja alikuwa ameyakata, akabakisha majibu tu. Akabonyeza kitufe, chumba kizima kikasikia: pole sana, baba yangu, nakuunganisha na kitengo cha mabomba, subiri kidogo.

"Sikilizeni hilo 'baba' lilivyotoka," akawaambia. "Hafoki, hana papara. Utadhani anaongea na mzazi wake."

Asali alikuwa bado mlangoni, mkoba begani.

"Huyo ni baba yangu," akasema.

Msimamizi akawageukia wapya, uso umemjaa furaha.

"Mmemsikia? Kila mteja kwake ni baba. Hivyo ndivyo ninavyotaka hapa."