Shangazi Scovia na Watu Wasiolalamika

Shangazi yangu Scovia hutafuta watu wa kumlalamikia. Najua ni kichekesho, maana watu wengine wote ninaowajua hapa Kigali wanakimbia malalamiko. Yeye, wakati wa likizo ya Agosti, aliyasaka kama mtu aliyepoteza funguo, na ilibidi ayapate kabla ya Ijumaa.

Tunaishi naye mtaa wa Kagarama. Alikulia Karagwe, Tanzania, na akicheka lazima apige meza. Kazi yake ni kuandika programu katika kituo cha utafiti, na programu yenyewe inaunganisha kompyuta mia na ishirini za vyuo vitatu, zile zinazokaa bure wanafunzi wakiwa likizo, ili zigawane hesabu moja kubwa. Wenyewe wanaiita gridi. Hesabu ambayo kompyuta moja ingeihangaikia wiki tatu, zikishirikiana zinaimaliza kwa saa chache!

"Sasa mbona dunia nzima haiitumii?" nilimuuliza.

Akapiga meza. "Hata watu kumi hawaitumii, wewe!"

Hiyo ndiyo ilikuwa shida. Mkuu wa kituo alishasema: ikifika Ijumaa jioni hakuna mtafiti hata mmoja aliyemaliza kazi ya kweli kwenye gridi, inafungwa, na Shangazi anahamia chumba cha kutengeneza vitambulisho vya wafanyakazi.

Tumaini lake lilikuwa Mzee Libère, mtaalamu wa mbegu za maharage, mzaliwa wa Bujumbura, mpole, asiyevua tai hata jua likiwaka. Alitaka kulinganisha aina mia tisa za maharage na mvua za miaka thelathini. Jumatatu Shangazi alimwonyesha programu hatua kwa hatua.

"Umeelewa, Mzee? Hakuna kinachokusumbua?"

"Hakuna, Madamu! Nzuri sana. Merci, murakoze cyane, asante sana."

Jumanne Shangazi akaifungua gridi. Tupu. Akaenda ofisini kwa Mzee na kukuta laptopu yake imekazana na maharage peke yake, inapumua joto kama jiko, na kwenye skrini imeandikwa: zimebaki siku kumi na tisa.

"Sikutaka kukusumbua," Mzee akasema kwa aibu.

Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu akikupikia humwambii chumvi imezidi. Akikuonyesha kazi ya mikono yake unasema *yego*, ndiyo, unashukuru, unakwenda zako. Shangazi alikuwa ameuliza watu kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walisema nzuri sana.

Siku hiyohiyo tulipitia mtaa wa Biryogo kuchukua gauni lake kwa Kaze, fundi cherehani asiyejua kuficha neno. Kaze alisikiliza kisa chote cha gridi huku ameshika pini kwa midomo, kisha akazitoa.

"Weye Scovia unakosea. Mimi mteja simuulizi kama gauni iko nzuri. Atasema nzuri, ataenda kuifungia kabatini. Namwambia vaa, tembea, inama. Mimi nanyamaza, naangalia wapi inamkaba."

Shangazi akalikunja gauni. "Kaze, kesho njoo ofisini ufundishwe kompyuta."

"Mimi? Na nani?"

"Na Mzee Libère."

Jumatano Mzee akavuta kiti, akanyoosha tai. Kupewa mwanafunzi kulimpendeza, ungemwona! "Bon. Gridi, Madamu Kaze, ni..."

"Naelewa. Ni sare mia tatu za shule. Huyu anashona mikono, yule kola, mwingine anaweka vifungo, na mteja hajui nani kashona nini. Endelea, mwalimu."

Mzee akaandika amri, mistari saba mizima.

"Yote hiyo ni kusema tu 'chukua kazi yangu'?"

"Ndivyo inavyotaka."

"Inataka! Kwani yeye ni bibi harusi?"

Nyuma yao, nilipoketi na Shangazi, nilijiziba mdomo. Shangazi alikuwa amekalia mikono yake ili isikimbilie kibodi. Mara skrini ikatoa maneno mekundu: KOSA 137.

"Mia na thelathini na saba ni nani?" Kaze akauliza.

"Ni kosa."

"Kosa ya nani? Yangu ao yako?"

Mzee akainamia skrini, akasoma tena. "Kusema kweli, hata mimi sijui."

"Ayii! Mwalimu hajui!"

"Sijui, na hakuna anayeweza kujua!" Mzee akageuka na kiti chake. "Madamu Scovia, nitamfundishaje mtu kitu kama hiki? Mwanafunzi wangu ana haki!" Hapo bomba likapasuka. Kwa nini nenosiri linaulizwa mara nne? Kwa nini haisemi kazi imefika wapi? Na jibu linafichwa wapi, mbona alilitafuta lile la mfano wa Jumatatu mpaka akaona haya kuuliza? Kwa ajili yake mwenyewe asingesema hata moja. Kwa ajili ya mwanafunzi wake alisema yote, na Shangazi akajaza kurasa mbili na nusu, uso unang'aa kama wa aliyekuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Alhamisi nzima alifuta na kuandika upya. Mistari saba ikawa vitufe vitatu: Leta kazi, Imefika wapi, Chukua jibu.

Ijumaa saa tatu asubuhi Mzee alileta maharage yake yote. Saa sita pakatokea maandishi ya manjano, na sote tukashtuka. Mzee akasoma kwa sauti: "Kompyuta moja ya chuo cha Gikondo imezimika. Kazi yake imepewa nyingine. Usifanye lolote." Akaegemea kiti. Akaomba chai.

Saa kumi kasoro robo aina zote mia tisa zilikuwa na jibu. Mkuu wa kituo alikuja, akainama mbele ya skrini, akahesabu mwenyewe kurasa za matokeo. "Haifungwi," akasema, akatoka.

Shangazi alimgeukia Mzee. "Basi, umeipenda?"

Mzee akakohoa. "Herufi ni ndogo mno. Kijani hiki kinaniumiza macho. Na kitufe cha jibu, kwa nini umekiweka chini kabisa kama kimefanya makosa?"

Shangazi alipiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Polepole, Mzee, polepole," alisema, akitafuta kalamu. "Anza tena na herufi."