Dawa ya Kumrudishia Mama Kumbukumbu

Siku mama aliponiita kwa jina la ng'ombe wetu aliyekufa, dada yangu alicheka, akasema angalau ni ng'ombe aliyekuwa na maziwa. Mimi sikucheka. Niliamua kutafuta dawa.

Nikaipata kwenye simu: dawa ya majaribio, ya ukoo mmoja na vidonge vya kutuliza na kuleta usingizi, ila watafiti wanasema huenda ikaamsha kumbukumbu. Kwa elimu yangu ya kidato cha nne, na biolojia niliyofaulu kwa kuponea chupuchupu, nikajiona nimeshamponya mama.

Shida ilikuwa kutoka nyumbani. Mimi nikifika tu barabarani hapa kijijini kwetu Masieda naanza kuwaza kama kuku wamefungiwa. Hata hivyo nilimpandisha mama basi hadi hospitali ya Haydom.

Daktari, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Morogoro, alimpa mama shikamoo, kisha akanisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo haiuzwi popote," alisema. "Bado iko maabara. Na usidanganyike na ukoo. Vidonge vya usingizi vya kawaida vinakanyaga breki ya ubongo. Hiyo wanaijaribu waone kama itailegeza pale penye kumbukumbu. Kwani mama anatumia dawa gani?"

Mama akafungua pindo la kanga, akatoa kopo lililojaa vidonge.

Kwetu anayetoka mjini hamwendei mzazi mikono mitupu. Mama aliwahi kusema kwamba hapati usingizi, na tangu hapo kila mtoto akawa anamletea vidonge vya usingizi kutoka maduka ya dawa, kama wengine wanavyoleta sukari. Hata mimi niliagiza, maana mjini siendi. Naye alikuwa anameza vya kila mmoja wetu, asije akaonekana anapendelea.

Daktari alivimwaga mezani. "Huenda hivi ndivyo vinavyomsahaulisha. Lakini msiviache ghafla, ni hatari. Tutavipunguza kidogo kidogo, na utamleta kila mwezi."

"Kila mwezi?"

"Huyu anaogopa basi," mama alimwambia. "Mpe yeye kidonge."

Basi nikawa mtu wa kusafiri. Kopo nalishika mimi, namtolea alichopangiwa tu. Mama ananiita askari magereza. Asubuhi nyingine anaamka analia kwa kukosa usingizi, nakaa naye tunachambua maharage ambayo tumeshayachambua jana. Kama kumbukumbu itarudi yote, daktari hakuahidi, na mimi sikumngoja aahidi.

Wiki iliyopita kaka yangu mkubwa alishuka kutoka Haydom, tabasamu hadi masikioni. Nikamzuia mlangoni.

"Shikamoo kaka. Toa vilivyo mfukoni."

"Marahaba. Ni vichache tu, bwana. Mama atasema simjali."

"Aseme."

"Umekuwa mkali siku hizi!"

"Toa, kaka."

Akanikabidhi pakiti, akaingia kumsalimia mama. Mimi nilibaki palepale mlangoni, maana dada naye alikuwa njiani.