Notsi Nilizomhifadhisha Mjukuu Wangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni chini kwanza. Sikukaa hapa kukuhadithieni ngano. Nnasema nilichokiharibu kwa mkono wangu, na hasira bado ninayo, basi asije mtu kunipoza na maneno ya pole.

Skuli niliishia darasa la tano. Elimu yangu niliipata chuoni, juu ya jamvi, kwa mwalimu wa Kurani, kijiti cha ukuti mkononi, herufi moja moja. Ukikosa, unarudi mwanzo. Hivyo ndivyo nilivyojua kusoma, na nikadhani kila kitabu duniani kinasomwa hivyo.

Mjukuu wangu yuko kidato cha nne hapa mjini. Nnakaa naye, pamoja na mjomba wake na mke wa mjomba, tangu mama yake, binti yangu, alipopata kazi ya hoteli Matemwe. Anataka ualimu, na somo analolitegemea ni fasihi ya Kiingereza. Mwaka huu akaja mwalimu mpya, binti wa Mkokotoni, hata ushungi haujamkaa sawa. Alasiri moja nikamuuliza mtoto, "Leo mmesoma nini?"

"Leo tumemshitaki mama mkwe, bibi."

"Mama mkwe wa nani?"

"Wa kitabuni. Mimi nilikuwa wakili wake. Wenzangu walinibana mpaka nikatoka jasho!"

Nikalifungua daftari. Jeupe! Ukurasa mzima maneno manne na mchoro wa barua. Damu ikanipanda.

Asubuhi yake nikavaa buibui, nikenda. Nikamkuta mwalimu uwani pa skuli, wanafunzi makundi mawili, hawa wakiwazomea wale.

"Shikamoo, bibi."

Sikumpa marahaba. Na nyinyi mnajua, kwetu kumnyima mtu marahaba mbele ya watu ni sawa na kumpiga kofi.

"Kule kwenu Mkokotoni skuli ni ngoma?"

Wanafunzi wakacheka. Yeye hakucheka. "Bibi, wakigombana juu ya mtu wa kitabuni, watakisoma kitabu wapate la kusema. Nikiwapa notsi, watasoma notsi tu."

"Basi wape notsi! Mtihani haugombwi."

Nikapitiliza kwa mwalimu mkuu. Kumbe wazazi wengine walikwishatangulia na lalamiko lilelile. Wiki haikwisha, binti akaamrishwa aandike ubaoni na watoto wanakili. Nikarudi nyumbani shingo nimeinyoosha kama niliyeshinda kesi.

Basi kila baada ya alasiri nikawa nakaa uwani na ukili wangu, nasuka, mtoto mbele yangu. "Soma kwa moyo." Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji, lakini mstari ukiusikia siku kumi, sikio linaushika. Akiruka neno namgonga goti kwa kijiti. "Rudi mwanzo." Akafika pa kutiririka kama mfereji uliofunguliwa. Jirani akichungulia mlangoni anasema, "Mashaallah, Bi mkubwa, umetuletea mzungu!" Nami kichwa kinavimba.

Siku moja mtoto akanambia, "Bibi, nimesahau kwa nini mama mkwe aliificha ile barua."

"Imo kwenye notsi?"

"Haimo."

"Basi haikuhusu. Endelea."

Hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu huu.

Ukaja mtihani wa majaribio. Mtoto akarudi na karatasi kaikunja mpaka imekuwa kama kitumbua. Kafeli. Nikajua tu: yule binti ananilipizia. Nikenda tena skuli, safari hii marahaba nikaitoa, lakini kwa shingo upande. Akanifungulia karatasi juu ya meza.

"Bibi, swali liliuliza: ungekuwa wewe ndiye mama mkwe, barua ya mwanao ungeificha isimfikie mkewe? Toa sababu zako."

"Na yeye kajibu nini?"

"Kaandika notsi zote. Hakukosea hata nukta. Lakini mwenyewe hayumo humu, bibi. Na mtihani wenyewe umebaki miezi miwili. Akijibu hivi, ualimu ausahau."

Nilitamani nimpigie mtu kelele, na wa kumpigia nikamkosa. Msahafu tunauhifadhi kwa kuwa ni maneno ya Mola. Kuyasoma tu ni thawabu. Lakini mama mkwe yule kaandikwa na mja kama mimi, kawekwa pale ili aulizwe. Nani aliniambia nimpe heshima ya sura ya Kurani?

Nikaingia kwa mwalimu mkuu bila ya kubisha hodi. "Mwache binti asomeshe alivyokuwa akisomesha."

"Lakini Bi, si wewe uliyekuja kulalamika?"

"Ndimi. Na leo nimekuja kulalamika kwamba ulinisikiliza."

Akasema atalitazama. Mpaka leo analitazama, na ubao unajazwa vilevile.

Nikafika nyumbani, nikamwita mjukuu.

"Naam, bibi."

"Nipe hadithi hiyo kwa Kiswahili. Kijiti sinacho."

Akaanza kwa woga. Kijana kasafiri, kamwandikia mkewe amfuate, mama mtu kaipokea barua, kaitia chini ya godoro. Hakufika mbali. Mkamwana wangu akatoka jikoni, mwiko mkononi.

"Huyo si mama mkwe, huyo ni jini!"

Mwanangu alikuwa anatazama mpira kwenye televisheni. "Mwache bibi wa watu. Alihofia kubaki peke yake."

"Barua ilikuwa yake?" nikamuuliza. "Ina jina lake?"

Akanitazama mimi, akamtazama mkewe, akaona leo hana pa kukimbilia. Na mtoto akadakia, macho yamemwaka: "Lakini bibi, kwa nini hakuichana? Aliiweka. Alitaka ionekane!" Kisha akavuta daftari akaandika, haraka, kwa Kiingereza, na hapana aliyemwandikisha.

Nikainuka. "Zima televisheni," nikamwambia mwanangu. "Kuanzia leo, kila baada ya alasiri, mtoto huyu atatuletea mtu mmoja wa kitabuni hapa uwani. Wewe utamtetea, mkeo atamshitaki, mimi nitauliza, na yeye ataandika rai yake. Atakayemwambia asome notsi kwa moyo, hata nikiwa mimi, siku hiyo hali chakula katika nyumba hii. Na kijiti changu kile kitieni jikoni, mkiwashie moto."