Pikapu Iliyozima Kwenye Salamu

Naikumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimelala chini ya pikapu ya babu yako kwenye gereji yangu ya Elerai, nimeshafungua kila kinachofunguka, na injini inanguruma vizuri kana kwamba inanicheka. Wakati ule hakuwa babu yako bado. Alikuwa Mzee Elifuraha, baba wa binti niliyetaka kumwoa. Nami nilikuwa fundi niliyejifunza ufundi kwa kutazama video kwenye simu na kuharibu magari ya rafiki zangu.

Najua baba wa umri wangu hana mvi za kutolea nasaha. Nivumilie. Umelala hapa pembeni yangu, na nikisubiri mvi huenda nikasahau.

Pikapu ile ilikuwa na ugonjwa wa kuja na kuondoka. Mzee akishuka na ndizi kutoka shambani kwake, kwenye mteremko wa Meru, inazima njiani ghafla. Anasubiri, ikipoa inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Akiniletea, haizimi. Mashine ya kupimia haikuonyesha kosa lolote. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha pampu ya mafuta, nikasugua kila kiungio cha waya kwa mswaki. Kila mara niliijaribu mwenyewe, nikapanda nayo mpaka juu na kushuka, safi kabisa. Kila mara mzee alipoichukua, ilizima.

Nikajiwekea sharti ambalo hakuna aliyeniwekea: mshenga wangu hatakwenda kwa Mzee Elifuraha mpaka gari lipone. Niliona sistahili kuomba binti kwa mtu ambaye gari lake limenishinda. Nikaahirisha, nikaahirisha tena, mpaka mama yako akanipigia simu.

"Hivi wewe, unaoa pikapu au unanioa mimi?"

"Nipe wiki hii tu."

"Shangazi zangu wamechoka kuniuliza. Na mimi nimechoka kuwajibu." Akakata.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikapanda mlimani, nikamkuta mzee anapakia ndizi.

"Shikamoo baba. Nimeshindwa. Sijui kinachoisumbua."

"Marahaba. Umewahi kuniuliza huwa inazimia wapi?"

Sikuwahi. Niliona kumhoji mzee ni kukosa adabu, na kukaa nikiendeshwa na mtu ninayetaka awe mkwe wangu niliona ni kukosa adabu zaidi. Kwa hiyo tulipokuwa pamoja nilishika usukani mimi, na siku nyingine alikwenda peke yake.

"Panda," akasema. "Leo dereva ni mimi."

Nilikaa pembeni yake nimebana magoti kama niko kwenye usaili. Hatujafika mbali, akasimama kumsalimia mama mwenye ndoo ya maziwa. Akaulizia watoto, akaulizia ng'ombe aliyezaa, akaulizia kahawa. Injini inaunguruma tu. Mbele kidogo, mwinjilisti. Kisha fundi seremala, aliyekuwa na habari ndefu za mguu wa mkewe. Jua lilikuwa kali, na joto la injini lilianza kunipanda miguuni. Mimi nilipoendesha, hakuna aliyenijua njia ile. Nilipita moja kwa moja, na upepo ukaipoza injini.

Seremala hajamaliza habari za mguu, pikapu ikazima.

"Hapo sasa!" Mzee Elifuraha akapiga usukani kwa furaha. "Niliogopa leo itaniaibisha kwa kukataa kuzima."

Nikafungua boneti, nikaomba maji kwa seremala, nikayamwaga taratibu juu ya sensa ya krenki, kile kidude kinachohisi mzunguko wa injini. Nikapiga stata. Ikawaka palepale. Kidude kilikuwa kizee, joto likizidi kinakata mawasiliano, kikipoa kinarudi kazini. Siku ileile tuliweka kipya mjini, na wakati wa kurudi mzee alimsalimia kila mtu bila kuzimikiwa.

"Baba, mbona hukuniambia huwa unasimama sana?"

"Mimi? Sisimami. Nasalimia tu." Kisha akanitazama. "Na mshenga wako je? Naye amezima, au tunasubiri apoe?"

Mshenga alikwenda wiki ileile. Mengine unayajua, maana upo.

Mwanangu, nikiri kwamba sijapona kabisa. Jioni hii nimeshakagua chandarua chako mpaka mama yako ametishia kunifukuza chumbani. Lakini hili nimelishika: usiite woga wako heshima. Mzee unayemheshimu, muulize. Kitu usichokielewa, usikimbilie kukibadilisha. Kaa nacho kwenye safari zake, kwa mwendo wake, mpaka kikuonyeshe kinapoumia. Na usiwasubirishe wanaokupenda eti mpaka uwe umekamilika.

Mungu akupe njia yenye watu wanaokujua, wakusimamishe wakuulizie habari za nyumbani, nawe uwe na nafasi ya kuwajibu. Na injini isizime.