Dobi Aliyewajua Wagombea

Uwanja wa kufulia ulikuwa nyuma ya soko. Ulikuwa na karo nne za saruji, bomba moja la halmashauri, na kamba zilizofungwa toka ukuta hadi ukuta. Wanawake sita walikuwa wakifua hapo nguo za watu, na katika hao sita hakuna aliyekuwa mchache wa maneno kama Mama Pasi.

Jina hilo hakulipata kwa mtoto, maana mtoto hakujaliwa. Alilipata kwa pasi yake ya mkaa, aliyorithi kwa mama mkwe wake pamoja na wateja na sheria moja ya kazi: unachokikuta mfukoni hukisomi wala hukitaji. Unakitia kwenye bahasha ya kaki, unaibana kwa pini kwenye nguo yenyewe, nguo inarudi kwao na siri yake.

Miaka kumi na tisa aliishika sheria hiyo. Alikuta barua za mapenzi, vyeti vya hospitali, na mara moja picha ya mwanamke ambaye siye aliyeileta suruali kufuliwa. Akabana pini, basi. Ndiyo maana watu wazito walimletea nguo yeye na si mwingine. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyefua naye karo moja, alipenda kumchokoza.

"Wifi, wewe ukifa tutakufungua mdomo kwa patasi. Humo ndani mna mji mzima."

"Msinifungue," Mama Pasi alikuwa akijibu. "Nizikeni nao."

Mwaka ule wa uchaguzi wa madiwani, halmashauri ilibandika karatasi kwenye geti la uwanja. Ilisema kwamba eneo hilo litapangiwa matumizi mengine, na kwamba uamuzi utatolewa na baraza jipya. Wanawake waliisoma wakiwa wamesimama na ndoo mikononi, wakaelewa bila kuelezwa. Vyumba walivyopanga havikuwa na bomba, na hakuna mwenye nyumba anayekubali mpangaji amwage povu la mji mzima uani kwake. Uwanja ukienda, kazi imekwenda.

Waliosimama kugombea kata yao walikuwa watatu: mfanyabiashara wa matofali, ambaye kila mtu alimwita Matofali, nesi wa zahanati, na mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Na kwa kuwa wakati wa kampeni kila mtu anataka kuonekana mweupe, nguo za wote watatu zilifika kwa Mama Pasi.

Bibi Sabuni, mkubwa wao hapo uwanjani, ndiye aliyelitoa wazo.

"Sisi tunawaona jukwaani wameshapigwa pasi," alisema. "Wewe unawaona kabla. Mbili tatu tu utuambie, tujue pa kutupa kura zetu."

"Sheria yangu mnaijua."

"Sheria yako ni ya mifuko, mwanangu. Hakuna aliyekuuliza mifuko. Tunauliza nguo."

Mama Pasi alilifikiria hilo siku nzima huku akisuuza. Kweli, nguo si siri, nguo mtu anatembea nayo barabarani. Akaanza kuzitazama kwa macho mengine.

Za Matofali zililetwa na dereva, mashati kumi kwa mpigo, yananukia manukato mpaka maji ya karo yananukia nayo. Mwenyewe hakuwahi kufika. Nesi alileta sare zake mbili, anakimbia, hana salamu ndefu, na siku moja sare ilipochelewa kukauka kwa sababu ya mawingu alifoka mbele ya watu: "Mama, mimi na mawingu hatujafahamiana, nimefahamiana na wewe." Mama Pasi alilihifadhi neno hilo kifuani, likakaa.

Mwalimu alileta mashati matatu, kayakunja mwenyewe. Aliuliza hali ya kila mmoja, akamsubiri Bibi Sabuni amalize kukohoa ndipo amuage. Lakini kilichomteka Mama Pasi hakikuwa adabu. Kilikuwa kola. Kola za mashati yote matatu zilikuwa zimefumuliwa, zikageuzwa upande uliochakaa ndani, zikashonwa tena kwa mkono. Dobi akiona kola iliyogeuzwa anaona maisha ya mtu. Mama Pasi alijiambia kwamba mtu aliyekaa akageuza kola yake kwa sindano, mtu huyo hajala cha mwenzake.

Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule, watu wawafahamu wagombea. Kila mgombea alipewa dakika kumi, kisha maswali. Wanawake wa uwanja walimsukuma Wifi asimame, maana yeye haogopi kipaza sauti. Akauliza bila kuzunguka: uwanja wetu utaulinda au hutaulinda?

Matofali alisema suala hilo linahitaji kutazamwa kwa upana wake. Watu wakacheka kidogo. Nesi alisema, "Sijui. Mpango wenyewe sijauona. Siwezi kuwaahidi kitu nisichokijua." Ukumbi ukaguna. Mwalimu alisimama polepole, akafuta miwani, akasema, "Mama yangu mzazi alifua pale akanisomesha. Nikiwa hai, uwanja ule hautaguswa." Vigelegele vikapigwa mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Njiani wakimrudisha Bibi Sabuni kwake, Wifi alimshika Mama Pasi mkono. "Haya, bubu. Leo sema."

"Mwalimu."

Hilo moja likatosha. Kwa wiki mbili wanawake wale walipeleka nguo safi nyumba kwa nyumba na jina la Mwalimu pamoja nazo. Mtu akiuliza mna uhakika gani, walijibu, "Mama Pasi kasema." Na watu walinyamaza, kwa sababu mtu asiyesema kitu miaka kumi na tisa, akisema, unafanyaje?

Siku tatu kabla ya kupiga kura, Mwalimu alileta suruali yake ya kijivu. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu, nguo zimejaa kwenye kamba zikinuka ukungu, na Mama Pasi alikuwa na haraka. Akapekua mifuko ya mbele, ya nyuma akaisahau. Alipokuwa akisuuza, vidole vyake vikagusa karatasi.

Ilikuwa imekunjwa mara nne, imelowa chapachapa, mhuri umeanza kuvuja. Hakuwahi kuharibu karatasi ya mteja. Akaichukua kama mtu anavyochukua kifaranga, akaenda nayo kwenye kibanda cha kupigia pasi, akaifungua juu ya meza, akaitandikia kitambaa, akapitisha pasi taratibu. Karatasi huwezi kuipiga pasi umefumba macho. Lazima utazame isiungue. Na macho yake, ambayo yalisoma hadi darasa la nne tu, tena kwa kuchezesha midomo, yakakutana na maneno "uwanja wa kufulia".

Akaisoma yote.

Ilikuwa nakala ya barua ya kuomba kupangishwa uwanja ule uwe maegesho ya malori. Mwombaji alikuwa mume wa binti wa Mwalimu. Chini, mahali pa mdhamini, palikuwa na sahihi ya Mwalimu mwenyewe, kwa mwandiko ule ule mzuri uliofundisha nusu ya mji kuandika. Tarehe ilikuwa siku tisa kabla ya mkutano wa ukumbini.

Mama Pasi aliketi juu ya gunia la mkaa. Nje alimsikia Wifi akimtania mtu kwamba diwani wetu akiapishwa tutamfulia bure mwezi mzima. Akaitia barua kwenye bahasha, akaibana kwa pini kiunoni mwa suruali. Mikono ilifanya kazi yake kama siku zote.

Jioni ile Mwalimu alikuja mwenyewe. Aliiona bahasha, akaifungua pale pale, akaitazama barua iliyonyooka.

"Umeipiga pasi vizuri," alisema.

"Ilikuwa imelowa, Mwalimu. Kosa langu, sikupekua mfuko wa nyuma."

"Umeisoma?"

Mama Pasi alitazama majivu ya pasi. 

Mwalimu hakukasirika. Alivuta kigoda akaketi, akaonekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. "Yule ni mkwe wangu, mama. Binti yangu anaishi kwake, wajukuu wangu wanakula kwake. Mtu mwenye binti mikononi mwa watu anatia sahihi mambo mengi. Lakini mimi nikiwa ndani ya baraza nitaizuia. Huoni? Bora niwe ndani. Akiingia mwingine, nani ataizuia?"

"Ukumbini ulisema ukiwa hai."

"Nami niko hai." Akasimama, akaikunja suruali mkononi. "Sheria yako ndiyo iliyonileta kwako, mama. Mji mzima unaitegemea."

Hakumtisha. Hilo ndilo lililomsumbua Mama Pasi siku mbili zilizofuata. Angetishwa, angejua la kufanya. Akisema, ataulizwa ameitoa wapi, na nani tena atamkabidhi dobi koti lake? Asiposema, wenzake wanakwenda kuuchimbia uwanja wao kaburi kwa vidole vyao wenyewe. Na pengine Mwalimu anasema kweli, pengine ataizuia. Alilishika neno hilo, pengine, akafua nalo, akaanika nalo, akaanua nalo. Wifi alimuuliza mara mbili kama anaumwa. Akasema ni kiuno.

Siku ya kura alipiga moyo konde. Akatoka saa mbili asubuhi, amedhamiria kumvuta Wifi pembeni na kumwambia, kisha Wifi awaambie wengine. Lakini ni yeye mwenyewe aliyewafundisha wiki iliyopita wawahi alfajiri kabla foleni haijawa ndefu. Aliwakuta geti la kituo wanatoka, wote watano, wanacheka, wanaonyeshana vidole vyenye wino.

"Umelala wapi, wifi?" Wifi alimwonyesha kidole karibu na pua. "Sisi tumeshakuchagulia diwani wako."

Mama Pasi akawapisha. Akasimama foleni peke yake, akaingia, akaweka alama kwa Nesi, akakunja karatasi.

Mwalimu alishinda kwa tofauti ya kura ishirini na saba. Bibi Sabuni alihesabu kwa fahari nyumba walizopita, akasema mtaa wao tu umemletea zaidi ya hizo. Mama Pasi alikuwa anapaka sabuni shuka la nyumba ya wageni. Akaliacha shuka majini. Akawaambia, pale pale kwenye karo, bila kupandisha sauti: mfuko, barua, sahihi, tarehe. Akawaambia na siku aliyoikuta.

Maji ya bomba yaliendelea kumwagika, hakuna aliyeyafunga.

"Siku mbili," Wifi alisema mwishowe. "Umekaa nayo siku mbili, na mimi niko karo moja na wewe."

"Sheria ya mama mkwe wangu..."

"Mama mkwe wako ni mama yangu mzazi. Usinifundishe sheria ya mama yangu." Sauti ya Wifi ilikuwa ndogo, wasiyoizoea. "Mama aliiweka sheria hiyo ili wanawake wasipigwe na waume zao kwa yaliyokutwa mifukoni. Barua hiyo angeisoma sokoni amesimama juu ya meza ya samaki."

 Bibi Sabuni akafunga bomba.

Habari haikukaa uwanjani. Ndani ya wiki wateja wengine walikuja kuchukua nguo zao hata hazijaloweshwa, na waliobaki walikuwa wakigeuza mifuko nje mbele ya macho yake kabla ya kumkabidhi, mmoja mmoja, kama wanaopekuliwa. Barazani, Mwalimu alisimama akapinga maegesho, kumbukumbu zinaonyesha hivyo. Alipinga kwa dakika mbili, kisha kura zikapigwa, akawa upande wa wachache. Huenda alipinga kwa dhati. Mama Pasi hakuwahi kujua. Mwezi wa tatu karo zilivunjwa kwa nyundo, na malori yakaanza kuingia kwa kurudi nyuma.

Wanawake sita walitawanyika. Bibi Sabuni alirudi kukaa kwa mwanawe wa kiume. Wifi alipata kazi ya kufua nyumbani kwa watu, ng'ambo ya soko. Mama Pasi alibaki na wateja saba na ndoo nne, akifulia kwenye ujia wa nyumba aliyopanga, kwa maji ya kununua, pale mwenye nyumba anapokuwa hayupo.

Siku moja ya mawingu walikutana kwenye foleni ya maji, yeye na Wifi, wamepishana ndoo mbili tu. Mama Pasi alikuwa wa kwanza kumwona. Alingoja. Alijua utani utakaokuja, alikuwa hata na jibu lake.

Wifi aligeuka, akamtazama kama mtu anavyomtazama jirani mpya.

"Hujambo, mama," alisema.

"Sijambo," Mama Pasi akaitika. Foleni ikasogea, naye akasogeza ndoo zake, moja baada ya nyingine.