Nukta Nyekundu za Shangazi

Wageni wakiingia jikoni kwangu huuliza kwa nini sufuria, ndoo, miiko, hata majembe, vina nukta nyekundu, na kwa nini kila kimoja kina mahali pake na ole wake atakayekihamisha. Huwajibu kwamba ni utaratibu wa nyumba. Aliyetuletea utaratibu huo ni shangazi yangu, dada wa baba, na mpaka leo sijamsamehe.

Baba alirudi mzima kutoka vita vya Uganda, akaja kufia kitandani miaka kadhaa baadaye, kwa ule ugonjwa ambao hapa kwetu Kishanda hatukuutaja jina. Matanga yalipokwisha, shangazi alikuja kutoka Kibeta akaondoka na baiskeli, redio na makoti ya marehemu. Mama hakumzuia. Kisha naye akaanza kukonda, na shangazi akarudi, safari hii eti kutupangia nyumba.

Alikuja na kichupa cha rangi ya kucha. Akachukua kikombe cha mama, cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, alichokinunua duka la Mhindi mjini Bukoba kabla ya vita, akakitia nukta nyekundu. Sahani, kijiko na beseni vivyo hivyo. Akavisukuma chini ya kitanda kwa ncha ya kidole.

"Chenye nukta asikiguse mtu mwingine," aliniambia. "Mwana wange, mwanangu, usafi ni utaratibu."

Mama alikuwa amekaa pale pale, anasikia kila neno. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, na wadogo wawili wa kulisha. Nesi alikuwa ametuambia wazi kwamba ugonjwa ule haupiti kwenye kikombe, nami nikamwambia shangazi hivyo hivyo. Akanijibu kwamba nesi hali chakula kwetu. Nilimchukia, nilimchukia kweli.

Alipoondoka alisahau kichupa chake dirishani. Mama alikitazama siku mbili. Ya tatu akaniita.

"Nikifa, huyu shangazi yako atabeba mpaka mwiko," alisema. "Wadogo zako utawapikia kwenye nini? Haya, leta sufuria zote."

Tulishinda kwenye kazi hiyo asubuhi nzima. Nilileta, yeye akatia nukta, na alipochoka nikaendelea mimi. Ndoo, viti, pasi, cherehani yake, majembe. "Na kinu?" akaniuliza. "Kinu unamwachia nani?" Tulicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Kisha kila kitu tukakipa mahali pake, ili kimoja kikikosekana nijue hata nikiwa mlangoni. Mwisho akaomba wembe, akakwangua nukta ya kikombe chake mwenyewe mpaka isionekane tena.

"Nikishaondoka, hiki kiweke juu ya kabati, kionekane."

Nilimuuliza kwa nini. Alisema nitaona.

Alikufa kabla ya msimu wa kahawa. Matanga yalipokwisha tu, shangazi huyo, na pikapu ya kukodi. Akainua kifuniko cha cherehani, akaona nukta, akakirudisha haraka. Akaenda kwenye sufuria, nukta. Viti, nukta.

"Mama yako aligusa hivi vyote?"

"Vyote, shangazi. Si unajua alivyopenda kazi."

Alifuta mikono kwenye kanga yake. Dereva naye akarudi kwenye gari akafunga mlango. Ndipo shangazi alipokiona kikombe juu ya kabati. Vikombe vya namna ile vilikuwa kila nyumba; akakigeuza chini, akachungulia ndani, hakuona nukta, akaridhika. "Hiki nachukua," alisema, "ukumbusho wa nyumba ya kaka yangu." Ulimi uliniwasha, lakini nilimfungulia mlango.

Alikinywea chai kule Kibeta kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakikumletea hata mafua. Kila nilipomtembelea nilikitazama kikienda mdomoni, moyo wangu ukashiba. Sioni haya kusema. Wadogo zangu walikua wakipikiwa kwenye sufuria zilezile, na shangazi alikuwa anakunywea kikombe cha mama.

Mara ya mwisho nilimkuta amezeeka, anatembelea fimbo. Akanywa chai yake, akaanza kunisifu mbele ya jirani: nyumba yangu safi, kila kitu mahali pake, na nani alinifundisha kama si yeye? Hapo sikuweza tena.

"Shangazi, hicho kikombe ndicho cha mama. Nukta ulitia wewe. Yeye aliikwangua, akakinywea mpaka siku yake ya mwisho."

Mkono ulisimama hewani. Miaka yote ile, mzima wa afya, na bado alikitua mezani akakisukuma mbali kwa ncha ya kidole, vilevile kama siku ile. Hakunitazama, na wala sikumwonea huruma.

Nilikichukua, nikanywa chai iliyobaki ndani yake, nikakifunga kwenye kanga yangu. Sasa kiko juu ya kabati hapa Kishanda. Ndicho chombo pekee nyumbani kwangu kisicho na nukta.